Pensheni inaingia Arusha, mzee yuko Chiang Mai: kipato kitathibitishwaje Uhamiaji wa Thailand?

Swali: Shikamoo mzee. Baba yangu ana miaka 71. Alikuwa mtumishi wa Umoja wa Mataifa, kwanza Bangkok, halafu Mahakama ya Rwanda hapo Arusha mpaka ilipofungwa. Sasa anaishi Chiang Mai, Thailand, kwa kibali cha wastaafu kinachoongezwa kila mwaka. Pensheni yake, dola 2,350 kwa mwezi, inaingia kwenye akaunti yake ya dola Arusha. Mimi natoa kwa kadi aliyoniachia, nabakiza kama dola 700 za ada za wajukuu na shamba la Machame, zinazobaki namtumia kwa jina langu. Miaka yote Uhamiaji aliwaonyesha amana ya baht 800,000 katika benki ya huko. Julai alilazwa, akatoa hela za hospitali, zimebaki kama 150,000. Kibali kinaisha tarehe 18 Machi, na sasa ni Oktoba. Amesikia anaweza kuonyesha kipato cha baht 65,000 kwa mwezi badala ya amana. Nimwandalie karatasi gani? (Msomaji, Majengo, Moshi)

Jibu: Marahaba, binti yangu. Pole kwa kuuguliwa, na hongera kwa kubeba hesabu za watu wawili katika nchi mbili.

Karatasi ni kazi ya wiki moja. Kinachokosekana kwenu ni miezi 12 ya nyayo za pesa, na hizo hazinunuliwi wala haziandikwi na mtu yeyote kwa mhuri. Afisa wa Uhamiaji kule hapimi utajiri wa baba yako. Anafungua steitimenti ya benki ya Thailand na kutazama kama kila mwezi, kwa miezi 12 mfululizo, ziliingia baht 65,000 au zaidi zilizotoka nje ya nchi. Barua ya Mfuko wa Pensheni ya Umoja wa Mataifa inaeleza tu kwamba pesa hizo zina asili halali. Ikiwa peke yake haitoshi.

Haikuwa hivi zamani. Hadi mwaka 2018 wastaafu wengi wa kigeni walikwenda ubalozini kwao, wakapewa barua inayotaja kipato chao, wakaipeleka Uhamiaji, mambo yakaisha. Thailand ilipotaka balozi zihakikishe kwamba kipato kilichoandikwa ni cha kweli, Uingereza, Marekani na Australia zilisema hazina uwezo huo, zikaacha kutoa barua kati ya mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019. Hapo ndipo njia ya miezi 12 ya miamala ilipowekwa. Kwa Mtanzania barua ilikuwa shughuli nzito hata kabla ya hapo, kwa sababu ofisi yetu ya ubalozi inayoihudumia Thailand iko Kuala Lumpur, Malaysia. Sikushauri uijenge safari hii juu ya barua.

Kabla ya kipato, kuna jambo umelitaja kwa kupita ambalo mimi nisingelipita. Kwa mtu anayetumia njia ya amana, masharti yaliyoanza Machi 2019 yanataka baht 800,000 zikae benki miezi miwili kabla ya kuomba, zisiguswe miezi mitatu baada ya kupewa, na baada ya hapo salio lisishuke chini ya 400,000 mwaka mzima. Baba alishuka hadi 150,000. Hiyo ina maana kwamba hata mkikopa mkarudisha zote 800,000 kesho asubuhi, afisa akifungua steitimenti ya mwaka mzima ataliona lile shimo la Julai, na ana haki ya kukataa ombi kwa sababu hiyo tu. Kwa hiyo baba atunze kila risiti ya hospitali, taarifa ya daktari na tarehe za kulazwa, tena kwenye faili moja. Ofisi hutofautiana, maafisa hutofautiana, na mtu wa miaka 71 aliyetoa pesa akiwa kitandani si sawa na aliyenunua pikipiki. Lakini ni huruma ya dirishani, usiihesabu kama haki.

Sasa turudi kwenye kipato, maana hata kama Machi hii itapita kwa njia nyingine, huku ndiko mnakoelekea.

Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la fedha za kigeni hapa Arusha, na nikisoma maelezo yako naona mambo matatu yanayoua ushahidi wa baba kila mwezi. La kwanza ni jina. Pesa inatoka kwenye akaunti ya baba, inapita mkononi mwako kama noti, inaingia kwenye muamala wenye jina lako. Kwenye karatasi, mstaafu wa Umoja wa Mataifa amegeuka mzee anayelishwa na binti yake. La pili ni njia. Ukituma kwa wakala wa kutuma pesa, yeye akaenda kuzichukua taslimu na kuziweka benki, steitimenti itasema ameweka taslimu, basi. Ni vilevile pale mfanyabiashara wa Arusha anayekwenda Guangzhou anapopitia Bangkok na bahasha ya mzee. Dola zimefika salama, baba amekula, lakini kwa Uhamiaji hazikuwahi kutoka nje ya nchi. La tatu ni kiasi, na hapo tupige hesabu.

Ukitoa zile 700, baba anabaki na dola 1,650. Dola ikiwa kati ya baht 32 na 33, hiyo ni kama baht 53,000. Haifiki. Pensheni nzima ya 2,350 ni zaidi ya 75,000, inafika na kuzidi. Msitume dola 2,000 kamili kwa kuwa kwa bei hiyo zinagusa mstari. Mwaka 2022 dola ilifika baht 38, leo iko mbali chini ya hapo, na hakuna aliyemwahidi baba yako kwamba haitashuka tena. Dola 2,100 zinavuka mstari hata dola ikianguka hadi baht 31, ila kwa upenyo wa baht 100, na benki ya katikati, inayopitisha pesa njiani, ikikata dola 20 tu mmeshakosa. Mimi ningetuma zote 2,350.

Najua unachofikiria: ada za watoto je? Sharti ni pesa kuingia, hakuna anayedai zikae. Zikishaingia akaunti ya Thailand na kuonekana kwenye kitabu cha benki, baba anaweza kula, kulipa kodi ya nyumba, na kukurudishia sehemu ya wajukuu Moshi. Mtalipa ada ya kutuma mara mbili, ndiyo, na inauma. Linganisheni na gharama ya kukosa kibali kisha mchague. Hili ni la kukaa familia nzima na kuliongea na baba mwenyewe, si la wewe kulibeba peke yako kwa WhatsApp usiku.

Njia safi kuliko zote ni Arusha isiwepo kabisa kwenye mnyororo. Baba aujulishe Mfuko wa Pensheni abadilishe maelekezo ya malipo, pensheni iende moja kwa moja kwenye akaunti yake ya Thailand. Hapo mtumaji ni Mfuko wenyewe, mpokeaji ni baba, na kila mwezi unafanana na uliopita. Ombi la kubadilisha benki lina fomu yake, na Mfuko una ukurasa wa mtandaoni ambako mstaafu anaingia kwa jina lake. Mabadiliko huchukua muda, kwa hiyo msifunge akaunti ya Arusha mpaka malipo ya kwanza yaonekane Chiang Mai.

Hapo hapo angalieni anwani. Kila mwaka Mfuko hutaka mstaafu asaini cheti cha kuthibitisha kwamba yu hai na bado anastahili, kama wastaafu wetu wa PSSSF wanavyohakikiwa. Kama anwani yake bado ni sanduku la posta la Arusha, cheti kitalala kule huku mwenye saini yuko Chiang Mai, na kisiporudi malipo husimamishwa. Yakisimama miezi miwili, baadaye watamlipa zote kwa mkupuo, hatadhulumiwa hata senti. Ila steitimenti ya Thailand itakuwa na miezi miwili mitupu na mmoja wenye mara tatu, na kwa njia ya miezi 12 mfululizo hilo ni pengo. Tangu 2021 kuna programu ya simu ya kufanya uhakiki huo kwa uso wake mwenyewe. Mjukuu mmoja amsaidie kuiwasha.

Kama hamtaki kuhamisha pensheni, basi itumwe kutoka akaunti ya baba ya Arusha, yeye akiwa mtumaji, kwenda akaunti ya baba ya Thailand. Benki itaiita TT, yaani uhamisho wa pesa kutoka benki hadi benki, unaopita SWIFT, mtandao wa mawasiliano wa benki za dunia. Atoe maelekezo ya kudumu kwa maandishi, au akupe hati ya uwakilishi inayokubaliwa na benki yake ili usaini kwa niaba yake. Kutumia kadi yake na namba yake ya siri kunakuweka pabaya siku benki ikiuliza. Na laini yake ya simu ya Tanzania, ile inayopokea namba za kuthibitisha muamala, isizimwe.

Kila ukituma omba nakala ya ujumbe wa SWIFT. Usikubali risiti ya kaunta peke yake. Kwenye nakala hiyo kagua jina la mtumaji, jina la mpokeaji na namba ya akaunti, sababu ya malipo, na sehemu inayosema nani analipa ada. Jina la mtumaji na la mpokeaji liwe moja, limeandikwa kama lilivyo kwenye pasipoti, majina yote matatu kama pasipoti ina matatu. Sababu ya malipo iandikwe kwamba ni pensheni ya mwezi fulani. Sehemu ya ada ikisema OUR, ada zote zinakatwa Arusha. Ikisema SHA, benki za katikati zitajimegea njiani na kinachofika kinapungua. Tumeni dola, msibadilishe hapa. Benki ya kule itabadilisha zenyewe zikiingia, na kwa kawaida bei yake ya miamala ya nje ni nzuri kuliko mtakayopewa huku. Chagueni wiki moja ya mwezi mkae nayo. Pesa iliyotumwa tarehe 30 ikafika tarehe 2 inahesabika mwezi uliofuata, na mwezi wake unabaki mtupu. Tarehe 8 hadi 15 ni salama. Mnakumbuka 2023 na 2024 dola zilivyoadimika, mtu ana dola zake benki na bado anaambiwa arudi wiki ijayo. Ukiacha hadi mwisho wa mwezi, unajinyima siku za kurudi wiki ijayo.

Upande wa Chiang Mai, baba akasasishe kitabu chake cha benki kila mwezi na atazame alama iliyochapwa pembeni ya muamala. Kwa mfano, Bangkok Bank huchapa FTT kwa pesa iliyotoka nje. Ikiwa muamala umeonekana kama wa ndani, na hilo hutokea kampuni ya kutuma pesa inapomalizia kwa benki ya palepale, aombe benki barua ya kuthibitisha kwamba chanzo ni nje. Aombe mapema, mwezi huohuo. Akingoja Februari kuomba barua za miezi saba kwa pamoja, karani wa benki atamtuma makao makuu.

Hayo yote ni ya Machi ya mwaka unaofuata. Kwa Machi hii mna miezi mitano tu, haitoshi kwa miezi 12 hata muanze leo. Naona milango mitatu, na sitakuficha upi naupenda.

Wa kwanza ni kurudisha amana. Kutoka 150,000 hadi 800,000 ni baht 650,000, kama dola 20,000. Akiomba tarehe 10 Machi, pesa ziwe zimekaa tangu kabla ya tarehe 10 Januari, na kwa kuwa sikukuu huchelewesha kila kitu, ziwe zimefika kabla ya Krismasi. Shimo la Julai litabaki kwenye steitimenti. Kama mna hiyo pesa imelala mahali, sawa. Kama ni ya kukopa SACCOS au kuuza kiwanja, mimi nisingeweka kiwanja cha familia juu ya huruma ya afisa mmoja.

Wa pili ni kuchanganya: kipato cha mwaka kujumlisha salio kifike 800,000. Baht 53,000 mara 12 ni 636,000, ukiongeza 150,000 mko 786,000. Mmekosa kidogo sana, na salio likiongezwa hesabu inatimia. Tatizo ni kwamba ofisi nyingi hukubali mchanganyiko tu pale kipato kinapokuwa na barua ya ubalozi, na miamala yenu ya nyuma ina jina lako. Aende akaulize dirishani mwezi huu, na kitabu cha benki mkononi. Asiulize kwa rafiki wa kijiweni aliyepata miaka mitatu iliyopita.

Wa tatu ndio ningeufuata. Mchaga anarudi nyumbani Krismasi. Baba arudi, akae Moshi, aombe viza upya kutoka hapa. Watanzania tunahudumiwa na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, na maombi siku hizi hufanyika mtandaoni. Kuna viza ya O-A ya wastaafu wa miaka 50 na zaidi, ambayo akiingia nayo hupewa kukaa mwaka mzima. Kwa viza hii ushahidi wa kipato unatazamwa kwa karatasi za nyumbani, yaani barua ya Mfuko wa Pensheni na steitimenti ya Arusha inayoonyesha 2,350 zikiingia kila mwezi, na hapo baba yuko imara kabisa. Kisha ule mwaka mmoja anaoupata ndio miezi 12 ya kujenga nyayo. Gharama yake ni bima ya afya. O-A inadai bima kubwa, yenye kinga ya baht milioni 3, na kwa mtu wa miaka 71 aliyelazwa Julai kampuni nyingi zitapandisha bei au zitakataa. Anzeni na bima kabla ya kukata tiketi. Bima ikishindikana, mlango huu umefungwa na mnarudi kwenye ule wa pili. Pia watahitaji cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu na cha daktari, na kwa anayetoka Tanzania kadi ya homa ya manjano isisahaulike.

Kuna mlango wa nne ambao baba atatajiwa na mtu, kama hajatajiwa: wakala atakayeweka 800,000 kwenye akaunti yake kwa siku chache, achukue kamisheni, aziondoe. Mwenye pasipoti ndiye anayeulizwa baadaye, si wakala. Mkatalieni.

Kuhusu ombi lenyewe sitakuchosha. Ni fomu TM.7, picha, nakala za pasipoti zilizosainiwa kila ukurasa, risiti ya TM.30 ya mahali anapokaa, barua ya benki na steitimenti, na ada ya baht 1,900. Aombe ndani ya siku 30 za mwisho, asingoje tarehe 17. Akipitiliza ni faini ya baht 500 kwa siku na doa kwenye pasipoti.

Kodi nayo ina neno. Anayekaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka huhesabiwa mkazi wa kodi, na tangu 1 Januari 2024 kipato cha nje kinachoingizwa nchini kinatazamwa upya. Mtakapoanza kuingiza pensheni nzima, mtakuwa mmeiweka wazi. Amwone mhasibu wa kule kabla ya mwisho wa Machi, ambao ndio muda wa kuwasilisha ritani.

Na akija Krismasi kabla hamjaamua, apitie Uhamiaji achukue kibali cha kurudi, fomu TM.8, baht 1,000 kwa safari moja. Akitoka bila hicho, kibali chake cha mwaka kinakufa siku hiyohiyo uwanja wa ndege, na mlango wa kwanza na wa pili vinafungwa pamoja nacho. Wakati huohuo nitumie nakala ya ukurasa wa viza yake ya kwanza kabisa, tuone kama aliingia kwa viza ya aina ya O, isiyo na sharti hilo la bima, au kwa O-A, maana kama ni O-A huenda suala la bima lilikuwa linamhusu tangu mwanzo.